Kiti Kisicho na Mtu: Historia ya Usahihishaji wa Upotokaji wa Taswira katika Makuba ya Planetariamu, 1923–2005

Utangulizi

Mtu anapoketi ndani ya planetariamu na taa zikazimwa, kilicho juu yake si mbingu bali ni kuba lililopakwa rangi, ambalo umbali wake kutoka machoni pake unaweza kupimwa kwa futikamba. Nyota halisi ziko mbali kiasi kwamba mtazamaji wa Tanga na mtazamaji wa Tabora, wakikitazama Kilimia usiku mmoja, huziona nyota zake zikiwa zimepangika kwa namna ile ile. Nyota za kuba haziko hivyo. Mtazamaji akihama viti vitano upande wa kushoto, mbingu yote hubadilika umbo. Makala hii inachunguza namna tatizo hilo, pamoja na lile la kupinda kwa picha bapa inapotupwa juu ya uso wa mviringo, yalivyoshughulikiwa tangu mtambo wa kwanza wa kampuni ya Carl Zeiss wa mwaka 1923 hadi kuchapishwa kwa njia ya kioo cha tufe mwaka 2005.

Ni rahisi kuisimulia historia hii kama safari ya maendeleo, kwamba mitambo ya awali ilipotosha taswira, kisha kompyuta ikaja na upotokaji ukasahihishwa. Makala hii ina msimamo tofauti. Mtambo wa mwaka 1923 ulikuwa na upotokaji mdogo mno, kwa sababu uliwekwa mahali pekee ambapo tatizo karibu lote hutoweka, yaani kitovuni mwa kuba. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba mahali hapo hapakubaki kwa mtu yeyote. Hatua zilizofuata, kwa kiasi kikubwa, zilikuwa ni kuamua upya ni nani au ni nini kikae kitovuni. Kusahihisha taswira ya kuba ni kuisahihisha kwa ajili ya kiti fulani, na mtafiti wa historia hana budi kuuliza kiti hicho kilikuwa cha nani.

Ili hoja ieleweke, aina mbili za upotokaji zinatenganishwa hapa, kwa kuwa ni rahisi kuzichanganya. Ya kwanza itaitwa upotokaji wa mtambo. Huu hutokana na mahali mwanga unapotokea, umbo la lenzi au kioo, na kule kuhamishwa kwa picha kutoka bamba bapa kwenda kwenye uso uliopinda. Ya pili itaitwa upotokaji wa kiti, ambao hutokana na mahali alipo mtazamaji. Aina ya kwanza inaweza kuondolewa kabisa kinadharia. Ya pili haiwezi, ila kwa mtu mmoja.

Jiometri ya kiti

Chukulia kuba lenye kipenyo cha mita 16, ambacho ndicho kipenyo cha kuba la majaribio lililojengwa juu ya paa la kiwanda cha Zeiss mjini Jena, Ujerumani. Mtazamaji aliye kitovuni, macho yake yakiwa sawa na ukingo wa chini wa kuba, huiona nukta ya utosini wima juu ya kichwa chake. Mtazamaji aliyeketi mita 4 kutoka kitovuni huiona nukta hiyo hiyo ikiwa imeinama kwa takriban nyuzi 27 kutoka wima. Kosa hilo si dogo. Linakaribia tofauti ya latitudo kati ya Mombasa na Muscat, safari ambayo nahodha wa jahazi aliitambua usiku kwa usiku kwa kuiona nyota ya kaskazini ikipanda. Kwa maneno mengine, viti vichache ndani ya ukumbi vinaweza kuuhamisha utosi wa mbingu kwa kiasi kile kile ambacho msimu mzima wa kusi ulimhamisha baharia.

Upande wa upeo wa macho hali ni ngumu zaidi. Kundi la nyota lenye upana wa nyuzi 10 linapotazamwa kutoka kitovuni huchukua takriban mita 1.4 za uso wa kuba. Likichomoza upande ulio karibu na mtazamaji huyo, mita 4 tu kutoka machoni pake, ataliona likiwa na upana wa karibu nyuzi 20. Likivuka ukumbi na kuzama upande wa pili, mita 12 kutoka kwake, litakuwa limepungua hadi chini ya nyuzi 7. Kundi lile lile, katika usiku ule ule wa bandia, limekonda hadi theluthi moja ya ukubwa wake. Hakuna lenzi wala programu inayoweza kuliondoa kosa hili kwa watu wote kwa wakati mmoja, maana uso mmoja wa kuba hauwezi kubeba picha tofauti kwa kila mtazamaji.

Ikumbukwe pia kwamba kosa hili hutegemea uwiano, halitegemei ukubwa wa kuba. Kujenga jumba kubwa zaidi hakusaidii chochote ikiwa viti navyo vitatandazwa hadi ukingoni.

Jena na Munich

Oskar von Miller, mwanzilishi wa makumbusho ya Deutsches Museum mjini Munich, aliiomba kampuni ya Zeiss imtengenezee chombo cha kuwaonyesha wageni wake mwendo wa nyota na sayari. Mfano uliokuwa karibu zaidi na fikra za wakati huo ni tufe kubwa lenye uwazi ndani, lililotobolewa vitundu vya nyota, ambalo watu huingia na kukaa huku likizunguka. Tufe la Atwood la mjini Chicago, lililokamilika mwaka 1913, ni la namna hiyo, na lilikuwa na vitundu 692. Katika tufe kama hilo mwanga wa nje hupenya kwenye kitundu, na nyota iko hapo hapo ilipotobolewa. Hakuna kinachotupwa, kwa hiyo hakuna upotokaji wa mtambo hata kidogo. Kinachobaki ni upotokaji wa kiti.

Mwaka 1919 mhandisi Walther Bauersfeld wa Zeiss alipendekeza mpangilio uligeuzwe, kuba litulie, lipakwe rangi nyeupe, na mwendo wote uhamishiwe kwenye mtambo mdogo unaotupa nukta za mwanga kutoka katikati. Pendekezo hili husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa wepesi dhidi ya uzito, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuzungusha mtambo mdogo kuliko tufe zima. Hilo ni kweli, lakini upande wake wa kijiometri una uzito usiopungua huo. Kutoka kitovuni, kila nukta ya kuba iko umbali ule ule, na kila mwale huufikia uso kwa pembe mraba. Kwa hiyo lenzi ikishalengwa kwa umbali mmoja, imelengwa kwa mbingu nzima. Nyota haigeuki kuwa yai popote inapoangukia. Hakuna sehemu nyingine yoyote ndani ya jumba yenye sifa hizo.

Tatizo lililobaki lilikuwa bamba. Nyota zilitobolewa kwenye mabamba bapa, na tufe halikunjuki likawa bapa bila kuraruka, kama anavyojua kila aliyewahi kulilaza ganda la chungwa mezani. Suluhisho la Zeiss lilikuwa kuigawa mbingu katika sehemu za pembe tano na za pembe sita, mithili ya vipande vya mpira wa miguu wa ngozi, kila sehemu ikiwa na lenzi yake. Mtambo wa kwanza ulikuwa na projekta 31 za nyota na ulionyesha takriban nyota 4,500. Kwa mgawanyo huo, kila lenzi ilihitaji kufika takriban nyuzi 24 tu kutoka kwenye mhimili wake.

Hata ndani ya nyuzi 24 hesabu haiachi kudai haki yake. Mwanga ukitoka kwenye bamba bapa kupitia lenzi isiyopotosha, umbali wa nyota kutoka katikati ya bamba hufuata tanjenti ya pembe, haufuati pembe yenyewe. Matokeo yake ni kwamba nyuzi moja iliyo pembezoni mwa bamba huhitaji nafasi kubwa kwa karibu moja ya tano kuliko nyuzi moja iliyo katikati. Nyota zilizo pembezoni lazima zisukumwe nje kwenye bamba ili ziangukie mahali pake kwenye kuba. Huu ni upotokaji wa makusudi unaowekwa ili kuufuta upotokaji mwingine, na wazo hilo ndilo litakalotawala karne nzima iliyofuata, kwanza kwa chuma, kisha kwa rangi, kwa kioo, na hatimaye kwa namba.

Wageni walianza kuuona mtambo huo ukifanya kazi mjini Jena mwezi Agosti 1923, na tarehe 21 Oktoba 1923 ulionyeshwa Munich. Maonyesho ya kudumu yalianza Mei 1925 chini ya kuba la mita 10. Mtambo ulifungwa kwa latitudo ya Munich peke yake, hivyo Msalaba wa Kusini haukuchomoza kamwe ndani ya jumba hilo. Mbingu ya kwanza ya bandia iliyotupwa kwa projekta ilikuwa mbingu ya mji mmoja.

Na upotokaji wa kiti? Ulikuwepo wote, kama ulivyokokotolewa hapo juu. Kitovu kilikaliwa na mashine, na watu wakapangwa kuizunguka, kila mmoja akiwa nje ya mahali sahihi. Kwamba hali hiyo haikuharibu maonyesho kunaelezeka kwa asili ya kitu kilichoonyeshwa. Nukta haina umbo linaloweza kupotoka. Kinachopotoka ni nafasi kati ya nukta na nukta, na mtazamaji wa kawaida hana kipimo cha nafasi hizo kichwani. Mtambo wa Bauersfeld ulifaulu kwa kuwa ulionyesha kitu pekee ambacho jicho la mwanadamu husamehe kikipinda.

Matufe mawili

Toleo la pili la mtambo, lililoongozwa na Walter Villiger, lililenga kuondoa kizuizi cha latitudo. Lilikuwa na matufe mawili kwenye ncha za mhimili mmoja, moja la mbingu ya kaskazini na jingine la kusini, projekta 16 kwa kila tufe, na jumla ya takriban nyota 8,900. Lilianza kutumika hadharani mwaka 1926 huko Barmen, na mwaka 1930 likafika Chicago katika Adler Planetarium, ya kwanza katika bara la Amerika.

Kwa kuyatenganisha matufe hayo, wahandisi walikiacha kitovu. Hakuna tufe lililokaa tena katikati ya kuba. Kila moja lilikuwa kando kidogo, kwa hiyo umbali kutoka lenzi hadi uso haukuwa sawa tena kwa nyota zote. Kwa mtazamo wa haraka, faida yote ya mwaka 1923 ilikuwa imetupwa.

Haikutupwa, na sababu yake inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida. Matufe yalikuwa kando, lakini mtambo wote kwa pamoja ulizunguka kuhusu kitovu cha kuba. Iwe ni mzunguko wa siku, mabadiliko ya latitudo, au ule mwendo wa polepole wa mhimili wa dunia unaochukua takriban miaka 26,000, tufe na taswira ya nyota zake huzunguka kwa pamoja kama kitu kimoja kigumu. Umbali kutoka lenzi fulani hadi nyota yake kwenye kuba haubadiliki kamwe. Kosa likiwa halibadiliki, linaweza kukokotolewa mara moja na kuingizwa kwenye bamba kabla halijatobolewa. Hivyo kitovu hakikuhitaji kukaliwa na chanzo cha mwanga. Kilichotakiwa ni mwendo wote ukiheshimu. Huu ni usahihishaji wa hali ya juu, nao umefanyika bila kompyuta yoyote kuwemo ndani ya jumba wakati wa maonyesho.

Picha zaingia kwenye kuba

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, Mmarekani Armand Spitz alitengeneza projekta ndogo ya pande kumi na mbili isiyo na lenzi za nyota, ambayo mwanga wake ulipita kwenye vitundu tu. Ilikuwa ya bei nafuu, na shule na makumbusho madogo yaliweza kuinunua. Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, na sheria ya Marekani ya mwaka 1958 ya kugharimia elimu ya sayansi, planetariamu za shule ziliongezeka kwa kasi nchini humo. Kwa usahihi wa taswira, Spitz alirudi nyuma. Uso wa pande kumi na mbili hulazimisha kila bamba lifike zaidi ya nyuzi 37 kutoka katikati yake, na kitundu kinachopitiwa na mwanga kwa mshazari hutoa nyota iliyorefuka. Lakini wengi wa watoto walioketi chini ya nyota hizo ndefu hawangewahi kuketi chini ya nyota za Zeiss.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na slaidi. Hadhira ya zama za vyombo vya angani ilitaka kuona uso wa Mwezi, pete za Zohali, na mandhari ya sayari nyingine, na hizo ni picha zenye umbo. Projekta za slaidi hazikuweza kukaa kitovuni, ambako palikuwa tayari na mtambo wa nyota, kwa hiyo ziliwekwa pembezoni. Projekta iliyo ukingoni mwa kuba ikilengwa utosini hupeleka mwanga unaougonga uso kwa nyuzi 45, na duara linalotupwa hapo hurefuka mara 1.4 upande mmoja. Zohali huwa yai. Kosa ambalo Kilimia kililificha, Zohali linalitangaza.

Usahihishaji ulihamia kwenye meza ya mchoraji. Njia mojawapo ilikuwa kutupa gridi kwenye kuba, kuangalia ilivyopinda, kisha kuchora picha ikiwa imepinda kinyume chake kabla ya kuipiga kwenye slaidi. Kazi hiyo ilikuwa ya mikono na ya mahali pamoja. Projekta ikisogezwa, au slaidi ikipelekwa kwenye jumba lenye mpangilio mwingine, hesabu inavunjika. Katika historia yote inayojadiliwa hapa, hiki ndicho kipindi ambacho usahihi ulitegemea zaidi fundi asiyejulikana jina, na ambacho kimeacha kumbukumbu chache zaidi.

San Diego na jicho la samaki

Ukumbi wa Reuben H. Fleet mjini San Diego, uliofunguliwa mwaka 1973, ulibadilisha mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kuba lake la takriban mita 23 liliinamishwa kwa nyuzi 25, na viti vikapangwa kwa safu zinazotazama upande mmoja kama katika sinema. Pili, ulianzisha mfumo wa Omnimax, unaotumia filamu ya milimita 70 na lenzi ya jicho la samaki.

Mantiki ya Omnimax ni ya kuvutia kwa wepesi wake. Filamu hupigwa kwa kamera yenye lenzi ya jicho la samaki, nayo picha inayopatikana ukiishika mkononi imepinda vibaya, majengo yakiinamiana na upeo wa macho ukijikunja kama upinde. Hakuna anayeinyosha. Hurushwa kwenye kuba kupitia lenzi ya jinsi hiyo hiyo, na kile kilichopindwa na lenzi ya kwanza hukunjuliwa na ya pili. Kinachotakiwa ni lenzi mbili zikosee kwa namna moja.

Kwa upotokaji wa kiti, kuinamisha kuba kulikuwa na athari ambayo haijazingatiwa vya kutosha. Katika ukumbi wa duara wa Zeiss, makosa yaligawanywa kwa usawa. Kila kiti cha safu moja kilikuwa na kosa lile lile, upande tofauti tu. Katika ukumbi ulioinama, ambako wote hutazama mbele, ukumbi ulipata viti vizuri na viti vibaya. Aliyeketi mbele kabisa pembeni huiona picha ikiwa imemvimbia upande mmoja na kukonda upande wa pili, na hana njia ya kuligeuza hilo kwa kuzunguka na kiti chake. Mfumo uliosifiwa kwa kumzamisha kila mtu ndani ya picha ndio ulioleta daraja la kwanza na daraja la pili chini ya kuba.

Namba mahali pa kioo

Mwaka 1983 mfumo wa Digistar wa kampuni ya Evans & Sutherland ulianza kutumika katika Science Museum of Virginia, mjini Richmond. Ndani yake kompyuta ilichora nyota kwa vekta kwenye kioo cha tyubu ya kathodi, na lenzi ya jicho la samaki ikautawanya mchoro huo kwenye kuba zima. Mbingu yake ilikuwa ya rangi moja na nyota zake hazikuwa na ukali wa zile za Zeiss. Upungufu huo ulitajwa mara nyingi, na kwa haki. Lakini katika historia ya usahihishaji hapa ndipo mambo yalipogeuka. Nafasi ya nyota haikuwa tena kitundu kwenye bamba. Ilikuwa jozi ya namba iliyokokotolewa upya kila mara, na kosa lolote la lenzi lililojulikana liliweza kuingizwa kwenye hesabu hiyo kabla mwanga haujatoka. Mtazamaji aliweza hata kupelekwa mbali na Jua na kuona makundi ya nyota yakivunjika umbo, jambo ambalo bamba lisingeliweza.

Video ya kuba zima, iliyoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambayo Hayden Planetarium ya New York iliikumbatia ilipofunguliwa upya mwaka 2000, ilihitaji zaidi ya hapo. Projekta moja ya wakati huo haikuwa na pikseli za kutosha, hivyo projekta kadhaa zilipangwa kuzunguka ukingo, kila moja ikifunika sehemu yake na kuingiliana kidogo na jirani yake. Hapo yalizuka matatizo ya mishono: mistari isiyokutana, na maeneo ya mwingiliano yanayong'aa kupita kiasi. Kuyarekebisha kwa mkono kulichukua saa nyingi, na joto la ukumbi liliweza kuyarudisha.

Jibu lilitoka nje ya ulimwengu wa planetariamu. Mwaka 1998 watafiti wa University of North Carolina at Chapel Hill, miongoni mwao Ramesh Raskar na Henry Fuchs, walionyesha jinsi kamera inavyoweza kuutazama uso wowote unaotupiwa michoro maalumu, ikalijua umbo lake, na kompyuta ikaipinda picha ipasavyo. Mwaka 1999 Rajeev Surati aliwasilisha MIT tasnifu kuhusu maonyesho makubwa yanayojisahihisha yenyewe kwa kamera. Mwaka 2004 Raskar na wenzake walichapisha hesabu ya nyuso zilizopinda kama makuba. Fundi wa gridi wa miaka ya slaidi alikuwa amepata mrithi asiyechoka.

Sambamba na hayo, watayarishaji wa filamu za kuba walikubaliana juu ya umbo moja la picha, yaani duara ambalo kati yake ni utosi, ukingo wake ni upeo wa macho, na umbali kutoka kati hulingana na pembe. Umbo hilo wachoraji wa ramani walilitumia kwa karne nyingi, na mara nyingi huhusishwa na jina la Guillaume Postel. Lina kasoro inayojulikana: penye upeo wa macho, vitu hutanuliwa kando mara 1.57. Duara la pikseli 4,096 lina takriban pikseli 23 kwa kila nyuzi, sawasawa pande zote ukihesabu kutoka katikati kwenda ukingoni, lakini kando kando ya upeo wa macho pikseli zinatumika kwa ubadhirifu huku utosini zikitumika kwa kiasi.

Makubaliano hayo yalikuwa na sharti ambalo halikujadiliwa sana. Filamu iliyotayarishwa mara moja na kusambazwa kwa majumba mengi haiwezi kujua viti vya kila jumba. Kwa hiyo picha hukokotolewa kwa ajili ya jicho lililo kitovuni hasa. Mashine ilikuwa imeondoka kitovuni, projekta zikiwa ukingoni, na katika makuba yaliyoinama mahali hapo mara nyingi ni hewa tupu juu ya vichwa vya watu. Kihisabati inawezekana kulisogeza jicho hilo la kubuni kuelekea viti halisi. Kibiashara, haikuwa na faida.

Kioo cha tufe

Paul Bourke, akiwa Australia, alishughulika na swali la aina nyingine: ni kwa namna gani kuba dogo linaweza kujazwa picha bila lenzi ya jicho la samaki, ambayo ni ghali, na bila projekta nyingi? Kazi aliyoianza katika Swinburne University na kuichapisha mwaka 2005 katika mkutano wa GRAPHITE mjini Dunedin ilitumia projekta ya kawaida ya darasani na kioo chenye umbo la sehemu ya tufe, vyote viwili vikiwa ukingoni mwa kuba. Mwanga hugonga kioo na kutawanyika kwenye kuba lote.

Kwa vipimo vya Bauersfeld, hakuna mpangilio mbaya kuliko huu. Chanzo kiko ukingoni. Umbali kutoka kioo hadi uso hutofautiana mara nyingi kati ya upande wa karibu na upande wa mbali, hivyo picha haiwezi kuwa kali kila mahali. Sehemu ya karibu hupata mwanga mwingi na sehemu ya mbali hupata mchache. Kioo cha kawaida chenye rangi ya fedha upande wa nyuma hutoa taswira mbili, kwa hiyo kinahitajika kilichopakwa upande wa mbele. Kila kosa ambalo Jena ililikwepa limekaribishwa kwa pamoja.

Lakini kila kosa hilo, isipokuwa lile la ukali, linaweza kuandikwa kwa namba. Bourke aliligawa eneo la picha kwa wavu, na kila fundo la wavu likapewa tarakimu tano: mbili za mahali pa fundo kwenye picha itakayotupwa, mbili za mahali pa kuchota rangi kwenye picha ya asili, na moja ya mwangaza. Kompyuta huipinda picha kufuata wavu, kioo huipinda kinyume, na kuba huionyesha ikiwa imenyooka. Wavu huo huhifadhiwa katika faili la maandishi ya kawaida ambalo mwalimu anaweza kulifungua, kulisoma na kulibadilisha. Programu huria ya Stellarium nayo ina chaguo la kutupa mbingu yake kwa kioo cha tufe. Usahihishaji ambao mwaka 1923 ulihitaji kiwanda cha Zeiss, na mwaka 2000 ulihitaji kompyuta za bei ya nyumba, ulikuwa umekuwa faili.

Uzito wa badiliko hili huonekana zaidi barani Afrika. Planetariamu ya Johannesburg ilifunguliwa mwaka 1960 kwa mtambo wa Zeiss ulionunuliwa kutoka Hamburg, na ile ya Cape Town iligeuzwa kuwa kuba la kidijitali mwaka 2017. Taasisi za namna hiyo ni chache, na gharama zake haziko ndani ya uwezo wa halmashauri ya wilaya. Katika Afrika Mashariki makuba yanayojazwa upepo na kubebwa kwenye gari ndiyo yamewafikia wanafunzi wengi, kama yanavyotumiwa nchini Kenya na The Travelling Telescope, iliyoanzishwa na Susan Murabana. Makuba haya yana tatizo ambalo kuba la zege halina, kwamba umbo lenyewe hulegea upepo ukipungua, na wavu uliokokotolewa asubuhi huenda usiwe sahihi adhuhuri. Kinachohitajika hapo ni usahihishaji unaoweza kurudiwa uwanjani, na mtu wa karibu aliyefundishwa kuurudia.

Kuba la aina hiyo lenye kipenyo cha mita 5 haliondoi upotokaji wa kiti. Mwanafunzi aliye mita 1.5 kutoka kitovuni huuona utosi umeinama takriban nyuzi 31, zaidi hata ya yule wa Jena. Projekta na kioo vinapowekwa ukingoni, hata hivyo, katikati ya kuba hakuna mtambo. Wanafunzi huketi sakafuni, na mmoja wao anaweza kulala kitovuni hasa, mahali ambapo wavu wote ulikokotolewa kwa ajili yake.